Uzoefu wangu wa mazoezi tiba jijini Mbeya, baada ya upasuaji wa diski

Mwezi Machi nilifanyiwa upasuaji wa diski (kile kipande laini kinachokaa kati ya pingili za uti wa mgongo) ya chini kabisa ya kiuno, iliyokuwa imechomoza na kubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguu wa kushoto. Maumivu yaliisha ndani ya siku chache, lakini ganzi ilibaki kuanzia kwenye kigimbi, ikapita kisigino na ukingo wa nje wa unyayo hadi kidole cha mwisho. Kwa miezi minne nilihudhuria kituo kimoja cha fiziotherapia mara mbili kwa wiki, nikitokea Uyole kwa daladala.

Mazoezi yenyewe yalikuwa ya kawaida. Kilichonifaa zaidi ni upimaji wa kila mwezi: mtaalamu aliniagiza nifumbe macho, akanigusa kwa pamba na kwa ncha ya kijiti, kisha akachora kwa kalamu mahali ganzi inapoanzia na kupima umbali wake kutoka gotini. Mwezi wa pili mpaka huo ulikuwa umeshuka kwa upana wa vidole viwili. Alinieleza kwamba nyuzi za mshipa zilizokufa huota upya kwa takribani milimita 1 kwa siku, na tangu hapo niliacha kujibinya mguu kila asubuhi.

Hisia zilirudi kwa namna isiyopendeza, kwanza kama sisimizi wanaotembea, kisha kama pilipili, hata blanketi likawa adui. Nilidhani diski imetoka tena. Mtaalamu alinituliza, ila akasisitiza kwamba ganzi ikifika makalioni na katikati ya mapaja, au mkojo ukikataa kutoka, niende hospitali siku hiyo hiyo.

Lawama yangu ni moja, na si ya foleni, ingawa miadi ya saa mbili huanza saa nne. Hakuna aliyenionya kuhusu maji ya moto. Baridi ya Juni mnaijua wenyewe: nilitumbukiza mguu wa kushoto kwenye beseni, nikatulia kabisa, na ni wa kulia uliponiruka ndipo nilipogundua kwamba nimejibabua. Kidonda kilichukua wiki tatu.

Ningewashauri wenye tatizo hili waende, lakini waulize hilo mapema. Sasa ni mwezi wa kumi tangu upasuaji. Kigimbi na kisigino vimerudi, ila kidole cha mwisho bado, na kandambili ya kushoto huvuka njiani nami nisijue mpaka mtu aniite.