TAHADHARI: Muuzaji wa dawa wa jumla anayepiga simu kwa Kiswahili safi, ni tapeli

Ndugu zangu wenye maduka ya dawa na kliniki huku Marekani, someni hii kabla hamjafungua leo. Nimeibiwa dola 10,600, na hiyo hela ndiyo hasara ndogo.

Alhamisi saa tatu asubuhi simu ya dukani ikalia. "Shikamoo dada." Sauti ya mtu mzima, Kiswahili kimenyooka. Nikaitikia marahaba kabla sijajua naongea na nani. Akasema ana kalamu 14 za Ozempic, dawa ya kisukari ya kujichoma, za miligramu 1. Kuna kliniki inazitaka zote, lakini kwa kuwa ni sisi wa nyumbani, atanishikia mpaka saa sita. Mnakumbuka hali ya wiki ile. Wauzaji wetu wa siku zote walikuwa wanatupa kalamu mbili, wiki nyingine hakuna kabisa. Na mbele yangu amesimama Mzee, mteja wangu wa siku zote, karatasi ya daktari mkononi, mara ya tatu anarudi. Ningemwambia nini tena?

Na asiniambie mtu kwamba sikukagua. Nilikagua! Nilimwomba leseni, ikaingia kwenye simu hata sijakata, ina mhuri wa bodi ya famasia ya jimbo analodai yupo. Nikafungua tovuti ya bodi ile, nikaandika namba, jina la kampuni likatokea, leseni hai. Roho ikatulia. Nikatuma hela.

Jumanne mzigo ukafika. Barafu yote imeyeyuka, na dawa hii inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Nikajipa moyo kwamba ni joto la njiani. Mungu anisamehe, nikampa Mzee boksi moja, akalipokea kwa mikono miwili. Nikaendelea kuskani yaliyobaki. Boksi la tatu na la saba yana namba moja ya mfululizo, namba ambayo haitakiwi kujirudia kwenye maboksi mawili. Nikarudia, mashine ikasoma vilevile. Miguu ikaniisha nguvu, nikakaa chini pale pale kando ya friji, msaidizi wangu ananitazama. Nikampigia Mzee, simu inaita tu. Nikaendesha mpaka kwake. Alikuwa hajajichoma. Siku yake ya sindano ni Jumatano.

Huyu mtu afungwe! Sheria ya Marekani inampa hadi miaka 10 anayeuza dawa kwa jumla bila leseni huku akijua, na kwangu mimi ni michache. Anachezea sukari za wazazi wetu. Desemba 2023 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitangaza kukamata Ozempic bandia zilizokwishapenya kwenye usambazaji halali, na hata sindano zake zilikuwa bandia, hakuna wa kuthibitisha kama zilikuwa safi. Aliyefanya biashara hiyo akiachiwa kwa faini, kesho anapiga simu nyingine.

Dalili zilikuwepo. Leseni ni ya kampuni nyingine kabisa, yeye kaazima jina na namba, anwani hailingani. Tena ni ya jimbo lile analodai yupo, si letu. Kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuleta dawa jimboni kwetu hayumo, na huko ndiko sikuangalia. Akaunti ya benki ina jina la mtu binafsi. Taarifa za mauziano, zile zinazoonyesha dawa imepitia kwa nani na zinazodaiwa na sheria ya 2013, alisema zinafuata, mpaka leo. Na ile haraka yake ya saa sita.

Uliyepokea mzigo wake, usimpe mgonjwa, usiurudishe, usiutupe. Utenge. Ukishajua ni bandia, FDA inataka taarifa ndani ya saa 24, fomu namba 3911. Mimi nimeshajaza, na bodi ya jimbo letu nimeshawapigia. Kama amekupigia na wewe, hata kama hukununua, niandikie pembeni alijiita nani na alitumia leseni ya kampuni ipi. Kila jina nalipeleka.