Nilimwita bwana afya akague kisima, akanikagua na mimi

Nimeitumia huduma ya ofisi ya afya ya kata tangu mvua za Novemba mpaka mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo ninachoandika si cha kusimuliwa. Kata yenyewe siitaji kwa jina. Niko upande wa Ujiji, Kigoma, napika wali na samaki wa migebuka kwenye kibanda mbele ya nyumba. Bomba sijavuta bado, na maji ya kupikia, kuoshea vyombo na kunawisha wateja yote yanatoka kisima cha uani.

Usiku mmoja wa mvua kubwa jirani wa upande wa juu alitapisha choo. Asiyelijua neno hili ana bahati. Shimo likijaa, mtu anangoja mvua inyeshe kwa nguvu, anatoboa upande wa mteremko, na uchafu unaondoka na maji kama vile hauna mwenyewe. Kwangu ulipita hatua chache kutoka kisimani. Asubuhi mfereji ulikuwa unanuka, na ndoo ya kwanza niliyovuta ilikuwa nyekundu kama chai ya rangi.

Nilikuwepo mjini Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojaa kijiji cha Kagunga, mpakani, na kipindupindu kikaingia. Meli ya MV Liemba ikawa inawaleta Kigoma, wanapitia uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu, na wagonjwa walipita 3,000. Tangu mwaka ule mtu akitaja kuhara karibu na maji yangu usingizi unakata.

Nilianza kwa mwenyekiti wa mtaa, akasema tuyamalize kijirani. Jirani akasema ile ni mvua tu. Ndipo nikaenda kata. Niliandikishwa kwenye daftari, nikaambiwa jina langu litakuwa siri (hilo nitalirudia), kisha nikangoja siku tisa. Siku ya kumi nilipiga simu, nikajibiwa usafiri hakuna. Nikamlipia bwana afya bodaboda, shilingi elfu tatu kwenda na kurudi. Risiti sina.

Lakini alipofika, kazi yake niliipenda. Kijana mdogo, ana adabu, ameamkia kila mtu mpaka wateja waliokuwa wanakula. Akatoa futi ya kamba tukapima kutoka ukingo wa kisima mpaka ukuta wa choo cha jirani: mita 12 kasoro. Akasema inatakiwa zisipungue 30, na choo kiwe upande wa chini wa kisima. Changu kisima ndicho kiko chini. Nilikaa kwenye nyumba hii miaka mingi bila kuwaza kwamba maji ya chini ya ardhi nayo yana mteremko wake.

Kisha akapiga magoti kisimani. Mfuniko wa bati umetoboka, saruji ya ukingo imepasuka, maji ninayomwaga nikiosha vyombo yanarudi humohumo kupitia ufa. Na ile ndoo ya kuvutia? Naiweka chini, kuku wanapita juu yake, halafu naizamisha kisimani. Akaniuliza taratibu, "Mama, hapa jirani peke yake ndiye mwenye makosa?" Nyani haoni kundule.

Hakuishia hapo. Aliingia kibandani. Msaidizi wangu alikuwa hajapima afya tangu nimwajiri, cheti changu kilikuwa kimepitwa na muda, na beseni la kunawia lilikuwa moja, kila mteja anachovya mikono palepale. Akaandika yote. Nilikasirika, sifichi. Mtu umekwenda kushitaki unarudi na karatasi ya mashitaka yako mwenyewe! Hata hivyo akanieleza jambo lililonituliza: wengi wanaoambukizwa vimelea vya kipindupindu hawaugui kabisa, lakini wanavitoa kwenye choo kwa siku kadhaa. Kwa hiyo msaidizi mzima wa afya, anayecheka na kupakua wali, anaweza kuwaambukiza wateja bila yeye kujua. Wiki ileile tulikwenda kupima choo, na beseni nikalitupa, nikanunua ndoo yenye koki.

Alirudi siku ya pili na dawa ya klorini. Akaikoroga kwenye ndoo, akamwagia kuta za kisima mpaka chini, akanikataza kuchota mpaka kesho yake. Baada ya kuvuta maji ya kwanza na kuyamwaga, alichukua kidogo kwenye kichupa na kutia kidonge, yakageuka rangi ya waridi. Siku ya kwanza alipojaribu hivyohivyo yalibaki meupe, maana hayakuwa na dawa hata chembe. Wajukuu walitaka arudie kama mazingaombwe. Akaniachia vidonge vya kutibu maji, kimoja kwa ndoo ya lita 20, unasubiri nusu saa. Akasisitiza kwamba kusafisha kisima mara moja hakusaidii kama uchafu wa juu unaendelea kuingia.

Sasa lile la siri. Jina langu kweli hakulitaja. Lakini alishuka kwenye boda mlangoni kwangu, akapima kuanzia kisimani kwangu, akanywa maji ya chupa kwenye benchi langu, ndipo akaenda kwa jirani na notisi. Mtaa mzima ulijua kabla hajamaliza kuisoma. Jirani alinipita asubuhi akasema, "Kumbe dada umeamua hivyo," na baada ya hapo karibu miezi miwili salamu hakuna. Wateja wa upande wake nao walikata mguu. Watu wa afya wangeanzia nyumba ya tatu, wakazikagua zote za kichochoro kama ukaguzi wa kawaida, nani angejua aliyesema? Hiyo haihitaji mafuta wala bajeti.

Notisi ilimtaka azibe tundu na achimbe shimo jipya. Muda uliisha, hakuna aliyekuja kuangalia, mpaka nilipokwenda ofisini mara mbili. Jirani naye alikuwa na lake: gari la kunyonya majitaka haliwezi kuingia kichochoro chetu, na kuchimba ni pesa. Alikuwa anasema kweli. Mwishowe alichimba, upande wa pili wa nyumba yake, na shimo la zamani likafukiwa. Kosa la kutapisha, ninavyoelewa, lingeweza kumfikisha mahakamani, lakini kwa hili nadhani bwana afya alifanya busara. Faini ingekula pesa ya shimo.

Sampuli ya maji iliyopelekwa maabara ndiyo inayonipunguzia nyota. Ilichukuliwa vizuri, chupa safi, imewekwa kwenye barafu, nikaambiwa lazima ifike siku hiyohiyo. Majibu nilipewa kwa mdomo kwenye simu: "Si mazuri, endelea na vidonge." Si mazuri kiasi gani? Karatasi sijaiona mpaka leo, na bila karatasi sijui nilinganishe na nini nikipima tena baada ya masika.

Natoa nyota tatu na nusu kati ya tano. Ukitaka kuitumia huduma hii, usiende peke yako kama mimi. Kusanyeni nyumba nne au tano mwandike barua moja kupitia kwa mwenyekiti, mkiomba kichochoro chote kikaguliwe. Na kabla hajafika, zibeni nyufa za visima vyenu na mtundike ndoo.

Juzi jirani alimtuma mjukuu wake na ndoo mbili kuomba maji. Nilimchotea, nikamfungia vidonge viwili kwenye karatasi. Nampigia bwana afya Jumatatu kuhusu yale majibu.