Sonara wa Mtwara mjini aliyenipa bei mbili za rupia za bibi

Naandika hii kwa ajili ya yeyote wa Mtwara, Lindi, Masasi, Newala huko mwenye sarafu za zamani kwenye kopo au kwenye pindo la kanga ya bibi na hajui azipeleke wapi. Kuna sonara mmoja Mtwara mjini, kibanda kidogo karibu na soko kuu, meza moja, mizani moja, jiko la mkaa nyuma, jina silitaji maana sijamuomba ruhusa ila ukiulizia pale sokoni fundi wa fedha anayenunua rupia utaelekezwa. Nimeenda mara tatu sasa na huyu ndo wa kwanza kunipa bei mbili za kitu kimoja.

Bibi yetu mzaa mama alikuwa wa Mikindani. Alipofariki mjomba akanikabidhi kifuko cha kitambaa, ndani rupia tisa za Mjerumani, reale moja kubwa, shilingi ishirini za Mwingereza zile zenye simba, na hela za shaba chache, vile visarafu vidogo vya Mjerumani. Akasema mpwa wangu nenda kaziuze tupate bati za jikoni. Nikaanzia duka la mji mwingine, silitaji, jamaa akasema elfu kumi kila rupia, mizani hakuitoa, na kabla sijajibu akachukua tupa akaikwangua moja pembeni eti aone kama ni madini ya fedha kweli. Ile alama ipo mpaka leo na kila nikiiona roho inaniuma.

Sasa huyu wa Mtwara, swali lake la kwanza lilikuwa "umeziosha?" Nikamwambia bado, ila shangazi alitaka kuzisugua kwa ndimu na majivu. Akashusha pumzi, akasema afadhali hukumruhusu. Akanieleza kwamba ule weusi ni ngozi ya sarafu, imejitengeneza kwa miaka zaidi ya mia, ukiisugua, kwenye mizani hujapoteza kitu maana uzito ni uleule, lakini mtu anayekusanya sarafu akiiona inang'aa vile anaiweka chini. Hapo ndo nikaelewa kuna wanunuzi wa aina mbili, mmoja ananunua madini na mwingine ananunua sarafu yenyewe, na hawa wawili hawaangalii kitu kimoja.

Akazigawa rupia mafungu mawili. Nne zilikuwa zimetobolewa au zimechomelewa kishikizo, bibi alizivaa kama kidani enzi za usichana wake, hizo akasema kwa mkusanyaji zimeshaharibika kwaiyo bei yake ni ya fedha iliyomo, basi. Akaziweka zote nne kwenye mizani mbele yangu, gramu 45.3. Akaandika kwenye karatasi: rupia ya Mjerumani ni fedha asilimia 91.7, kwaiyo fedha safi ni gramu 41.5, siku ile alikuwa ananunua gramu ya fedha safi kwa 2,000, jumla 83,000. Hesabu yote naiona kwa macho yangu na kikokotoo cha simu yangu kinakubali. Linganisha na elfu arobaini ya yule wa kwanza!

Zile tano nzima hakutaka hata kuzipima kwa ajili ya kununua. Alizipima kunifundisha tu, rupia ikiwa haijalika ni gramu 11.66, ambayo ndo tola moja ya masonara, uzito uleule wa rupia ya India maana Mjerumani aliifuata ile iliyokuwa imezoeleka pwani. Akanionyesha kwamba za zamani, 1890 na kuendelea, zina Kaisari Wilhelm wa Pili na kofia ya chuma, nyuma kuna simba na mnazi, hizo zilitolewa na kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, DOAG, sio serikali. Kuanzia 1904 zimeandikwa Deutsch Ostafrika na kuna herufi ndogo, A maana yake zilipigwa Berlin na J ni Hamburg, afu mwaka mmoja unaweza kuwa na zote mbili lakini hazikupigwa idadi sawa. Fedha iliyomo ni ileile, gramu 10.69, ila mkusanyaji anaweza kulipa tofauti kabisa kwa ajili ya herufi moja. Mimi hiyo herufi nilikuwa sijawahi kuiona na sarafu nimekua nazo.

Reale nayo ilinishangaza. Imeandikwa 1780, nyumbani wote tulijua ni ya miaka 240 huko. Kumbe reale ya Maria Theresa, yule malkia wa Austria, imepigwa na kupigwa tena, Vienna, London, Bombay na kwingine, mwaka ukabaki uleule 1780 kwa sababu wafanyabiashara wa huku na Uarabuni walikuwa hawaiamini yenye tarehe nyingine. Gramu 28 na ushee, fedha safi 23.4, na kwa kuwa zipo nyingi bei ya mkusanyaji haiachani sana na bei ya mizani. Fundi akasema kama unataka sarafu ya kuweka akiba basi ni ya aina hii, maana siku ya shida haikuangushi sana. Shilingi za simba hakuzitaka. Ni fedha robo tu, zile za 1948 kuja huku hazina fedha kabisa, na ishirini zangu zote za kabla ya hapo hazifikii fedha ya rupia nne zilizotobolewa, kuzisafisha ni kupoteza mkaa.

Nikamuuliza kuhusu kuwekeza maana nilikuwa na hela ya korosho kidogo, nilitaka ninunue rupia zaidi nizifungie. Akanikatalia waziwazi! Akasema ukiinunua kwa bei ya mkusanyaji afu mtoto akaumwa usiku, kesho yake utakuja hapa na hapa utapewa bei ya mizani. Kama shida yako ni kulinda hela nunua madini yenyewe, kwa upande wa dhahabu sarafu ya pauni ya dhahabu ya Uingereza ina gramu 7.32 safi, sarafu ya Krugerrand ya Afrika Kusini ina wakia moja kamili, gramu 31.1, unalipia dhahabu na kinachozidi ni kidogo. Bangili ya maua maua inakula ujira wa fundi na ule ujira haurudi ukiuza. Hayo anayasema mtu ambaye bangili ndo zinamlisha.

Mara ya pili nilimkuta na kijana ana sarafu ya tembo, ile ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora 1916 wakati wa vita. Ya kweli inauzwa kwa wakusanyaji mara kadhaa ya dhahabu iliyomo. Mizani ikasema gramu tano na kitu, wakati inatakiwa 7.17, akaisugua kwenye jiwe akaweka tindikali, ikachemka kijani, shaba iliyopakwa. Kijana alikuwa ameinunua kwa pesa ya boda yake, nilimwonea huruma sana. Na hizi habari za mtaani eti rupia ya kweli inavuta mchele jamani tuziache, fedha haivuti mchele wala hainasi sumaku, ikinasa ujue ni chuma.

Siku hiyohiyo akaja mtu wa Kilwa na visarafu vya shaba vidogo kama kucha, vya masultani, vile ambavyo upande mmoja una jina la sultani na wa pili maneno ya kumtaja Mungu yanayofuatana nalo kwa vina. Kwenye mizani havina thamani ya soda. Fundi hakuvigusa, akamwambia mzee wangu hivi vinalindwa na sheria ya mambo ya kale ya 1964, chochote cha kabla ya 1863 peleka kwa wahusika pale Kilwa. Yule mzee akaondoka amekasirika, lakini mimi heshima yangu kwa fundi ilipanda.

Mapungufu yapo. Risiti hana, niliomba akaniandikia kwenye karatasi ya daftari. Bei ya siku haijabandikwa popote, lazima uulize. Bei kamili ya mkusanyaji hakupi, anakwambia tu hii usiyeyushe, kutafuta mnunuzi ni kazi yako. Na msimu wa korosho ukianza Oktoba foleni ni ndefu, nenda asubuhi.

Zile tano kila moja iko kwenye bahasha yake ya karatasi, ikiwemo iliyokwanguliwa. Mjomba bado anataka ziuzwe, nimemwomba asubiri, Jumamosi nampeleka kwa fundi akasikie mwenyewe.