Muuza embe wa Darajani anayeuliza utakula lini

Mwaka wa sita huu nauza juisi na achari nyumbani, hapa Ng'ambo, Unguja, na nimeuziwa embe mbovu na watu wa kila aina. Juzi duka moja lenye kiyoyozi na mizani ya umeme liliniuzia dodo nane, njano zinang'aa. Kuzikata, ndani nyeupe, chachu, na kokwa laini hata kisu kinapita. Zilichumwa changa zikavundikwa.

Ndiyo maana naisifia meza ya babu mmoja pale soko la Darajani, upande wa matunda. Ukishampa shikamoo, bei baadaye, kwanza atauliza, "Utakula lini, mwanangu?" Jumanne nilimwambia nataka dodo sita za Ijumaa. Akaziacha zote za juu, akaingiza mkono chini ya gunia. Haminyi. Anatazama mabega ya embe kama yamejaa na kupanda juu ya kikonyo, kisha ananusa palepale kwenye kikonyo. Mimi nilipobonyeza moja akanikazia macho: "Hiyo embe, si mkate." Ijumaa baada ya sala nilizikata. Mbili ngozi yake bado ilikuwa na ukijani, nikaguna, kumbe ndizo zilizokuwa tamu kuliko zote.

Kwa juisi hanipi dodo hata nikitaka. Ananipa bolibo, ndefu, nyama tele na rangi ya machungwa isiyopauka ukitia maji. Sindano anasema ni za kufyonza, na kweli, nyuzi zake zilishaniziba chujio mara mbili. Za achari ananichagulia mbichi lakini pevu, zinazolia zikikatwa.

Bungo zake nazo ni nzuri. Gamba gumu, anakupasulia akupe uone rangi ya ndani. Msizitie kwenye blenda jamani; mimi naroweka, nafikicha kwa mkono, nachuja, natia sukari bila ubahili. Doriani anauza msimu ukifika, ila kwa harufu yake kali, kulifikisha nyumbani ni shughuli yako. Mimi utingo wa daladala alinishusha na langu, abiria wanacheka.

Ndizi kwake ni chache. Kisukari ananiwekea zikiwa na madoa meusi na ngozi nyembamba kama karatasi, maana ndipo utamu unapokolea. Mkono wa tembo utaupata ukiwahi. Mzuzu za futari za Ramadhani huwa namwagizia mapema, nizipike kwa nazi na iliki, kwa sababu siku zenyewe zikifika kila mtu anazitaka.

Sasa kasoro. Babu hana chenji hata siku moja, atakupa ndimu mbili badala yake. Saa saba mchana ameshafunika meza. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku na yeye hana mbadala, kwa hiyo usipokwenda na kikapu utabeba embe kwenye mtandio kama nilivyobeba mimi. Bei yake inazidi kidogo ya wale wanaomwaga chini, na kupunguza hapunguzi, labda akuongeze moja ya mtoto.

Nampa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya machungwa: ngozi nene kama kiatu, ndani makavu. Nilipomwambia akacheka, "Machungwa sikukuuliza utakula lini."