Katuni ya daktari na kochi: matoleo manne tu, nimeyamaliza yote

Jamani hivi vitabu nimekaa navyo wiki ya pili sasa na kila jioni nikirudi kazini nafungua tena. Inaitwa Psychoanalysis, yaani tiba ya akili ya mgonjwa kuongea na daktari, katuni ya Marekani ya mwaka 1955, yalitoka matoleo manne tu ikazimika. Haya niliyonayo ni ya kuchapwa upya, sio yale ya senti 10 ya wakati ule, binamu yangu baharia kaniletea maana anajua mi mtu wa katuni toka mdogo, tumekulia Ngamiani hapa Tanga tukiazimana gazeti la katuni la Sani mpaka kurasa zinachomoka kwenye pini. Nilipoona ni ya kampuni ya EC nikasema haya, hawa si ndo wale wa katuni za kutisha za Tales from the Crypt, basi ni maiti zinafufuka na mashoka.

Hamna. Hamna maiti, hamna ngumi. Ni chumba, kochi, daktari ambaye hatajwi jina, na mgonjwa anaongea. Wagonjwa wenyewe ni watatu na habari zao zinaendelea toleo kwa toleo: kijana Freddy Carter, dada anaitwa Ellen Lyman, na Mark Stone ambaye ni mwandishi wa televisheni. Nikajua ukurasa wa tatu nitakuwa nimeshachoka, weee, toleo la kwanza nimelimaliza saa saba usiku umeme umekatika namulika na simu.

Ilivyozaliwa nayo ni habari. Mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alitoa kitabu akisema katuni zinaharibu watoto, kamati ya Seneti ikakaa, mwenye EC Bill Gaines akaenda kujieleza mbele yao mwezi wa nne, na mwaka huohuo wachapishaji wakajitungia masharti na muhuri wa kupitisha katuni. Zile za kutisha zikafa hapo. Gaines akaanzisha mpya kadhaa na hii ikiwemo, toleo la kwanza akalitoa bila muhuri, wasambazaji wakagoma, mabunda yanarudi hayajafunguliwa hata kamba, akaja kukubali muhuri lakini wapi, 1955 haikuisha katuni ishakufa. Inaniuma kweli, yaani ni watu waliothubutu kuweka mazungumzo matupu kwenye katuni wakati wenzao wengi wanachora mbio na mapigano, na hawakupewa hata mwaka mmoja.

Iliyonishika mimi ni habari ya Freddy. Analetwa na wazazi wake kwa sababu ya wizi, na wazazi wenyewe kila mmoja anamvuta upande wake. Daktari yeye anataka kumsikia mtoto. Hicho tu, na mi nikaweka kitabu chini nikakaa kwanza. Kwa sababu mdogo wangu naye alipokuwa na miaka kumi na nne aliiba hela kabatini kwa baba, akachapwa nyumbani, akachapwa shuleni, akasomewa, akapelekwa kwa mganga mmoja huko mbali, na katika watu wote hao, mimi nikiwemo, hakuna aliyemuuliza za nini. Mwaka jana tumekaa Raskazone tunakula mihogo ndo ananiambia mwenyewe, dada zile zilikuwa nauli, nilikuwa nataka kwenda Pangani kwa bibi nikakae huko. Miaka kumi na moja imepita.

Michoro yote ni ya Jack Kamen. Anajua sura huyu mtu, macho hasa, na kwenye katuni ambayo watu wamekaa tu, kama sura hazisemi umekwisha. Ila maandishi jamani! Yamepigwa kwa kifaa, herufi zimenyooka kama za fomu ya serikali, na ni mengi mno, kuna visanduku ambavyo maneno yamekula nusu nzima ya juu halafu watu wamebanwa chini kama abiria wa daladala ya Chumbageni saa kumi na mbili. Kiingereza chenyewe sio cha kukimbia nacho, inabidi utulie.

Kasoro kubwa kwangu ni kwamba daktari anajua kila kitu na anajua haraka. Mgonjwa analeta ndoto, yeye anaifungua kama kufuli, hiki maana yake hiki, kwisha. Tiba ya namna hiyo, ile iliyoanzishwa na daktari Freud, mtu alikuwa analala kwenye kochi siku kadhaa kwa wiki na ikaenda miaka, sasa hapa kurasa chache tu mtu ameshaanza kupona. Halafu kosa karibu kila mara linaangukia kwa wazazi. Mwenye mtoto akiisoma peke yake anaweza kuumia, kwa hiyo isomeni wawili.

Pamoja na hayo nakipa nyota nne na natamani kingekuwepo cha Kiswahili, maana sisi mkoani kwetu tuna Lutindi kule milimani Korogwe, palianza 1896 pakiwa makao ya watoto waliotolewa utumwani, baadaye pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili mpaka leo, lakini muulize mtu mtaani akashauriwe na mtaalamu atakujibu kwani mi kichaa. Walimu wa malezi wakipate hiki. Watoto wadogo hapana, watachoka.

Mama nilimtafsiria ile ya Freddy barazani, yeye yuko juu ya mbuzi anakuna nazi ya wali. Kufika pale mtoto anaanza kuongea mkono ukasimama, nazi imebaki nusu, hakusema kitu, kisha akanambia haya endelea mwanangu. Jana kaniuliza yule mtoto aliishia vipi. Nikamwambia bado mama, leo usiku tunaingia toleo la pili.