Programu ya kuhesabu hedhi na deni la saumu: nyota tatu, na sababu zake

Jina lake silitaji, maana programu za simu za namna hii zimejaa na nyingi zinafanana. Ni ile aina inayomwandikia mwanamke wa Kiislamu siku zake, ikamhesabia saumu anazodaiwa kwa siku za Ramadhani alizokosa kufunga kwa hedhi, na pembeni ikamwekea maelezo ya fikihi, yaani sheria za ibada. Nimekaa nayo Ramadhani nzima pamoja na miezi ya kulipa iliyofuata.

Kwenye kuhesabu deni, haki yake nampa. Kila saumu iliyokupita inaingia kwenye orodha. Ukilipa unagusa, inafutika. Wenzangu mnaolipa kwa kukumbuka kichwani mnanielewa: ikifika Rajabu hujui zimebaki ngapi, unaishia kufunga na za tahadhari. Kukumbusha nako kuna adabu. Inakuacha upumue, Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, ikikaribia ndipo inabisha hodi. Bibi Aisha, mke wa Mtume, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa akilipa zake Shaabani, imo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, kwa hiyo aliyepanga hilo hakubahatisha. Pia imeeleza kwamba ukichelewesha bila udhuru mpaka Ramadhani nyingine ikakukuta, kwa madhehebu ya Shafii unalipa na kutoa kibaba cha chakula kwa kila siku, na kwa Hanafi unalipa basi. Maelezo mafupi, hayana vitisho.

Tabu inaanza kwenye saa. Programu inajua tarehe tu, na masuala yetu karibu yote yamekaa kwenye saa. Damu ikitoka dakika tano kabla ya magharibi, saumu imeondoka na utailipa, hata kama ulikuwa umeshakaa kusubiri adhana. Ikitoka dakika tano baada ya magharibi, saumu yako salama salimini. Kwenye simu, hali zote mbili ni tarehe moja na alama moja: "hukufunga". Ilibidi niingie kwenye orodha niifute kwa mkono.

Upande wa alfajiri ndio ulionikera hasa. Damu ikikatika usiku, kabla alfajiri haijaingia, unatia nia na unafunga, hata kama utaoga baada ya adhana. Ndivyo tulivyofundishwa sisi Mashafii, na ndiyo kauli ya wanazuoni wengi. Josho linakusubiri kwa ajili ya swala. Programu yenyewe inauliza, "Umeshaoga?" Ukijibu hapana, siku nzima inaiandika deni. Sasa mchukue binti aliyebaleghe juzi, anaona haya kumuuliza mtu, anakula mchana wa Ramadhani kwa kuwa simu imemwambia bado. Hapo dhambi ya nani? Swala nazo, ukitwaharika, yaani hedhi ikiisha, wakati wa alasiri, kwa Shafii unadaiwa na adhuhuri. Programu kimya.

Halafu ukiifungua mara ya kwanza inafuata madhehebu ya Hanafi bila kukuuliza. Kwa Hanafi uchache wa hedhi ni siku 3 na wingi wake siku 10. Kwa Shafii uchache ni usiku na mchana mmoja, wingi siku 15. Mshafii ambaye damu yake imeingia siku ya 11 ataambiwa hiyo ni istihadha, damu isiyo ya hedhi, aoge afunge, na hali kwa madhehebu yake bado yumo hedhini na saumu hiyo haisihi. Pa kubadilisha papo, ila pamefichwa chini kabisa ya mipangilio, baada ya lugha na rangi za skrini. Rangi za skrini zina umuhimu gani kuliko madhehebu ya mtu?

Kwenye dalili za tohara, yaani za kwamba hedhi imeisha, wamejitahidi. Kuna vitufe vya damu nyekundu, ukahawia, umanjano na majimaji meupe, na wametaja namna Bibi Aisha alivyowaambia wanawake wasifanye haraka mpaka wauone weupe. Lakini wapo wasiouona kabisa, ambao tohara yao ni kukauka: pamba ikitoka haina doa ndiyo basi. Mimi ni wa kundi hilo. Programu ilining'ang'ania hedhini mpaka nikabonyeza weupe ambao sikuuona, ili tu inifungulie ukurasa.

Na ile arifa! "Hedhi yako inakaribia", herufi kubwa, juu ya skrini iliyofungwa. Mwanangu ndiyo kwanza anajifunza kusoma, akaisoma kwa sauti mbele ya wakwe. Inazimika, nendeni mkaizime kabla ya yote.

Kwa hiyo naitumia kama daftari la deni. La lini nimetwaharika nampigia ustadhati wangu, mwalimu wangu wa dini, ambaye swali lake la kwanza siku zote ni "saa ngapi?" Wakiongeza saa, na wakauliza madhehebu mtu anapojisajili, nitarudi kuwapa nyota ya nne.