TAHADHARI: Anayeuza safari za Alhambra pale ufukweni Torremolinos ni tapeli

Jamani, mlioko Costa del Sol, pwani ya kusini mwa Uhispania, na mnaojiandaa kushuka huko msimu huu, someni hii kabla hamjatoa hata senti. Bado nina hasira, mnisamehe maneno yakiwa makali. Mama alikuja kututembelea kutoka Mombasa, na visa yake ilitutesa kweli kuipata, siyarudii. Mjue tu kwamba baada ya mahangaiko yote yale alifika salama, na kitu kimoja alichokitaka Uhispania nzima ni kuiona Alhambra, ile ngome na majumba ya wafalme Waislamu wa zamani kule Granada, kwa macho yake.

Tulikuwa La Carihuela, hapo hapo Torremolinos, kwenye ile njia ya wapita kwa miguu kando ya bahari. Mimi, mume wangu, wifi yangu na mama. Tumeletewa dagaa wao wale wanaochomwa kwenye vijiti, moto umewashwa ndani ya mtumbwi uliojazwa mchanga, na mama anauliza ndimu na pilipili ziko wapi. Basi akawa anapita huyu bwana, mikono ya shati kaikunja, kitambulisho kinaning'inia shingoni, faili la plastiki kwapani. Akasikia Kiswahili, akasimama.

"Shikamoo, mama."

Torremolinos! Mama nusura aiangushe gilasi. "Marahaba mwanangu, wa wapi wewe?" Akasema wa Likoni, ila amezeekea huku. Akataja feri, akataja viazi karai vya jioni, akamuulizia mama joto la Mombasa mwezi huu. Sasa niambieni, nani hapo angemshuku? Mtu anayemwamkia mama yako hivyo, ugenini, wewe unamvutia kiti. Nikamvutia kiti.

Akafungua faili. Picha zimepigwa plastiki vizuri: daraja la Ronda, Caminito del Rey, mapango ya Nerja, Tangier, Granada. Mama akaweka kidole kwenye picha ya ukuta wa Alhambra, akasogeza miwani, akaanza kusoma maandishi yaliyochongwa kwenye lipu: wa la ghaliba illa Llah. Akarudia mara ya pili kwa sauti. Yule mwizi akakiangalia kile kidole, nasi tukawa tumekwisha.

"Mama, hapa huingii kama huna mtu wa ndani. Kwenye mtandao tiketi zimekwisha." Na ni kweli, zilikuwa zimekwisha! Tulishatafuta wenyewe tukakosa, kwa hiyo aliposema vile nikaona huyu anaijua kazi yake. Akapiga simu "ofisini". Kihispania kinamtoka kama maji. Akaziba simu kwa kiganja, akatunong'oneza: "Zimebaki nne. Majumba ya Nasrid, yale ya wafalme ndani ya Alhambra, saa nne na nusu asubuhi. Niwashikie?" Nne, na sisi tuko wanne. Bila shaka alishatuhesabu tangu alipokuwa amesimama.

Euro 85 kila mtu, jumla 340, pamoja na usafiri. Mume wangu akatoa kadi. Mashine imeisha chaji, akatuonyesha kioo cheusi huku akisikitika. Akanisindikiza hadi ATM, na nilipoanza kubonyeza namba ya siri akageuka kabisa, akanipa mgongo, akatazama bahari. Wallahi heshima ile ndiyo iliyonimaliza. Akahesabu pesa, akaandika risiti, akagonga muhuri, akapuliza wino ukauke. Tiketi akanitumia WhatsApp palepale, zina msimbo wa kuskani na picha ya wale simba wa mawe wa uwanja wa Alhambra. Ningedai nini zaidi?

Na basi dogo lilikuja! Alfajiri, uwanjani, na abiria wengine ndani. Dereva hajui chochote, kaambiwa awashushe watu Granada. Hapo ndipo utapeli wake ulipo, anatoa usafiri wa kweli ili usishtuke mapema, ukishtuka uko zaidi ya kilomita mia kutoka alipo yeye.

Mlangoni binti akaskani. Taa nyekundu. Akaskani tena, nyekundu. Akaomba pasipoti, akatazama skrini, akamtazama mama. Tiketi ya mama yangu, mtu mzima na buibui lake, imeandikwa jina la mwanamume wa Kijerumani. Foleni nyuma yetu ndefu, watu wanapumua kwa hasira. Mama akanivuta mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kwa sababu ya mtandio wake. Pesa zitarudi au hazitarudi, lakini lile swali simsamehei yule bwana.

Kumpigia, keshatufungia wote wanne.

Tukampitisha mama Puerta de la Justicia, lango la Alhambra, pale hawaulizi tiketi, na ule uwanja wa jumba la Carlos V nao ni bure. Kisha tukapanda Albaicín, mtaa wa kale ulio kilima cha pili, tukaswali kwenye msikiti uliofunguliwa 2003 karibu na kanisa la San Nicolás. Alhambra akaiona kutoka huko, ng'ambo ya bonde.

Kuna walionipigia wakisema nisimchafue, eti ni mtu wa kwetu. Wa kwetu gani? Kiswahili ndicho chambo chake! Huyu si wa kuonywa, ni wa kufungwa, na akimaliza kifungo arudishwe Likoni awaamkie mama zake mwenyewe. Anayemjua anakolala aseme, kumficha ni kula naye.

Haya, vitu vya kuangalia, kwa haraka maana naandika niko zamu. Tiketi ya Alhambra hutolewa kwa jina la mtu na namba ya pasipoti yake; anayekuuzia bila kuuliza pasipoti anakuuzia hewa, na huyu hakuuliza. Kanunue kwenye tovuti ya Patronato de la Alhambra y Generalife wenyewe, yaani wasimamizi wake, mapema sana, wiki kadhaa kabla. Saa ya majumba ya Nasrid ikikupita, huingii. Wakala halali wa Andalusia ana namba ya usajili wa utalii, mwambie akuonyeshe. Usafiri hauhitaji mtu: treni ya C1 mpaka Málaga María Zambrano, kituo cha mabasi kiko jirani, basi la Granada unalikuta hapo.

Na Tangier! Alitaka kumuuzia mama na hiyo, boti ya kutoka bandari ya Tarifa kuvuka bahari, "saa moja tu umefika." Visa ya mama ni ya kuingia mara moja. Ukishavuka kwenda Moroko umetoka Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, na kurudi ndiyo basi tena. Hilo halikumhusu, yeye anataka pesa tu.

Polisi tumeshapeleka risiti, na biashara iliyo kwenye ule muhuri haipo. Nasikia anakusanya pesa za Tangier ya Jumamosi. Uliyemlipa, usimpigie simu kumgombeza, atakufungia kama sisi. Hifadhi ujumbe wote, nenda Policía Nacional ukaandikishe denuncia, yaani taarifa rasmi ya uhalifu, na uniandikie mimi nikupe namba ya yetu waziunganishe.